Fomu ya Gari la Wifi Yangu

Wifi yangu hasemi kwamba cherehani kimeharibika. Husema kinalalamika. Huegemeza magongo yake ukutani, akaketi kwenye kigoda, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja huku sikio lake likiwa karibu na meza, kisha akataja ugonjwa: sindano imepinda, au bobini imefungwa vibaya, au mwenye mashine ameitia mafuta ya kupikia. Hilo la mwisho hulisema akimtazama mwenye mashine usoni, na sijaona mtu akibisha.

Alianza kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa ana hamsini na miwili. Ni dada mdogo wa marehemu mume wangu. Akiwa na miaka minne alipata homa iliyoondoka na nguvu za mguu wake wa kulia. Tangu hapo mguu huo huvaa chuma kuanzia pajani hadi kiatuni, na yeye hutembea kwa magongo mawili. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kwa baiskeli, naye njia nzima alikuwa akimwamuru kaka yake apige kengele hata mahali pasipo na mtu. Alipomaliza masomo, wazee waliona afadhali akae nyumbani ashone vitambaa vya makochi. Alishona viwili, cherehani kikakwama, akakifungua chote na kutandaza vyuma sakafuni juu ya gazeti. Baba mkwe aliporudi kazini alikuta mashine vipandevipande, na binti yake amepakaa grisi hadi kwenye nyusi. Jioni ileile mashine ilikuwa inashona vizuri kuliko ilivyotoka dukani, na habari ya vitambaa ikaishia hapo.

Tumeishi pamoja, yeye na mimi, tangu nilipofiwa, miaka minane sasa. Nyumba ni ya familia, na familia hii inajulikana. Baba mkwe alikuwa karani wa mahakama, mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, nami nilifundisha sekondari miaka thelathini na mmoja. Hatujawahi kugombana na mtu barabarani wala kubisha hodi kwa jirani kuomba kiberiti. Nilipoachiwa nyumba hii niliona nimeachiwa na jina lake, na nililipokea kama amana.

Mwaka jana mabega ya wifi yalianza kumuuma. Daktari alimweleza bila kumficha kwamba mabega hayakuumbwa kufanya kazi ya miguu, na yake yamefanya kazi hiyo karibu nusu karne. Akiendelea kutembea mwendo mrefu na kujivuta kwenye milango ya mabasi akiwa na sanduku la vifaa, baada ya mwaka mmoja au miwili mikono itagoma. Na mikono ndiyo inayomlisha.

Mteja wake mkubwa ni kiwanda cha kushona sare, upande wa pili wa mji, chenye vyerehani arobaini na sita. Huenda huko siku nne kwa juma. Msimamizi wa kiwanda ni mtu mwungwana, lakini kazi ni kazi. Alimwita ofisini akamwambia kwamba mkataba mpya utaanza baada ya miezi sita, na chini ya mkataba huo fundi atatakiwa awepo saa moja na nusu asubuhi, kabla washonaji hawajaketi. Mwezi ule wifi alikuwa amechelewa mara tano.

"Fundi, ukiweza kufika saa hiyo, mkataba ni wako," alimwambia. "Usipoweza, kuna kampuni imeshaniletea barua. Nimeiweka kwenye droo. Usinilazimishe niifungue."

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemtajia mfuko wa serikali unaowachangia watu wenye ulemavu kununua gari, kwa wale wanaolihitaji ili wafanye kazi. Mfuko hulipa sehemu kubwa ya bei, pamoja na gharama ya kufunga mtambo wa kuendeshea breki na mafuta kwa mkono. Sehemu iliyobaki mwombaji hujilipia, na wifi alikuwa nayo benki. Hakungoja hata jibu. Siku aliyochukua fomu ndiyo siku aliyojiandikisha kwenye mafunzo ya udereva, katika shule moja yenye gari la namna hiyo.

Fomu akaniletea mimi, kama karatasi zote za nyumba hii zinavyoletwa kwangu.

"Wewe ndiye mwenye mwandiko, wifi," alisema. "Mimi nikiandika wataona grisi."

Ilikuwa na kurasa nane. Nilivaa miwani, nikatoa kalamu nzuri, nikaenda vizuri hadi ukurasa wa tano. Hapo waliuliza: taja mambo ambayo mwombaji hawezi kuyafanya, au anayafanya kwa shida au kwa maumivu. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na miwili mitupu.

Niliitazama mistari ile kwa muda mrefu. Nilimwona karani nisiyemjua, katika ofisi nisiyoijua, akisoma jinsi dada wa mwalimu mkuu anavyooga na anavyovaa, huku anakunywa chai. Nilimwona akimsomea mwenzake. Nikaandika: "Mwombaji ni mchapakazi, anajitegemea na ana heshima zake. Hakuna jambo asiloliweza." Mistari tisa ikabaki wazi. Walipouliza kuhusu maumivu niliandika "kiasi". Walipouliza kuhusu ngazi niliandika "hupanda". Wifi alitia sahihi bila kusoma, kwa sababu aliniamini, na kwa sababu wakati ule alikuwa na pasi ya jirani iliyofunguliwa mapajani.

Baada ya wiki chache tukaarifiwa kwamba afisa atakuja nyumbani kufanya tathmini. Nikafunga kibwebwe. Niliosha mapazia, nikatoa vikombe vya harusi yangu. Stuli ya bafuni niliisukuma chini ya kitanda. Ubao wa mteremko wa mlango wa jikoni nikauhamishia nyuma ya nyumba. Nilimkalisha wifi kwenye kiti cha kaka yake nusu saa kabla ya wakati, nikamfunika miguu kwa shali, na magongo nikayasimamisha nyuma ya mlango.

"Wifi," aliniuliza, "huyu anakuja kunikagua au kunichumbia?"

Nilimwambia anyooshe shali.

Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na faili lisilo na mkunjo. Alimwuliza wifi maswali, na mengi niliyajibu mimi. Wifi alipoanza habari ya mabega, nilimsogezea mgeni sahani ya biskuti. Alipoomba kumwona akitembea kidogo, nilimweleza kwa adabu kwamba si vizuri mama mzima kuchezeshwa gwaride sebuleni kwake. Alipouliza anafikaje kazini, nilijibu kwamba anafika. Yote aliyaandika. Aliusifu usafi wa nyumba, akashukuru kwa chai, akaenda zake, nami nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Barua ilikuja wiki tatu baadaye. Wifi aliifungua kwa bisibisi akiwa mezani na akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mwombaji anajitegemea kikamilifu, hana tatizo kubwa la kutembea, na kwa hiyo hakutimiza masharti ya kusaidiwa. Aliisoma tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Madaktari wamehangaika na mguu huu miaka arobaini na minane," alisema. "Wewe umeuponya kwa kalamu, na hukumaliza hata mistari."

Nilicheka pia, kidogo, kwa kumfuata. Lakini yeye alikuwa ameshanyamaza. Alikunja barua akairudisha kwenye bahasha.

"Zimebaki wiki kumi na nne," alisema.

Nikaanza kujieleza. Nilimwambia kwamba nilichofanya nilikifanya kwa ajili yake, kwamba sikutaka watu baki wamjue kwa unyonge wake, kwamba hata kaka yake asingependa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umelilinda jina, wifi. Sawa. Lakini jina halipandi basi. Ninayepanda ni mimi."

Niliichukua bahasha, nikavaa miwani, nikaisoma barua mwenyewe.

Barua iliruhusu rufaa ndani ya siku thelathini, mbele ya kamati, kwa kuleta maelezo mapya ya siku moja ya kawaida ya mwombaji. Wifi aliniambia kwamba maelezo hayo nitayaandika mimi tena, maana mwandiko haujabadilika, ila safari hii nitaandika ninachokiona. Kesho yake nikafuatana naye kazini. Katika miaka yote tuliyojuana sikuwa nimewahi kwenda. Yeye huondoka nikiwa bado kitandani na hurudi chakula kikiwa tayari, na nilidhani kilicho katikati ni kazi tu.

Nilichukua daftari na saa, kama ninayesimamia mtihani. Saa kumi na moja kasoro robo alianza kuvaa chuma cha mguu. Kilimchukua dakika ishirini na mbili, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa haufiki kwenye mkanda wa chini mpaka ausukume kwa wa kushoto. Kituoni, basi la kwanza lilipunguza mwendo, kondakta akayaona magongo, akapiga bati, likaondoka. La pili hivyohivyo. La tatu lilipokaribia, wifi alirusha sanduku lake ndani kabla halijasimama vizuri.

"Lazima sanduku litangulie," alinieleza. "Wakiondoka nalo wanajua nitawafuata mpaka kwa mkuu wao."

Alijivuta mlangoni kwa mikono, na nikasikia bega lake likilia kama mlango wa stoo. Nikaandika saa.

Kutoka kituo cha kushukia hadi kiwandani kuna mwendo wa mtu mzima wa dakika nane. Sisi tulitumia ishirini na tano. Njiani alisimama mara nne, na kila mara alikuwa anatazama kitu. Mara ya tatu alisimama mbele ya ukuta wa ghala.

"Tazama ukuta huu, wifi."

Niliutazama. Nikamwuliza una nini.

"Hauna kitu. Napumzika. Watu wa mtaa huu wanadhani napenda sana kuta."

Chumba cha kushonea kiko ghorofa ya kwanza, na ngazi zina vipandio kumi na saba. Nilikuwa nikijiuliza atazipandaje na sanduku. Wifi aligeuka akaipa ngazi mgongo, akaketi kwenye kipandio cha kwanza, akajiinua kwa mikono hadi cha pili, akavuta sanduku kwa mkanda, akajiinua hadi cha tatu. Dada wa mume wangu, mtu mzima, fundi anayejulikana mji mzima, alikuwa anapanda ngazi kwa kukaa, mbele ya watu. Washonaji walikuwa wanaingia kazini, na nilitazama upande mwingine ili nisione watakavyomtazama.

Hakuna aliyemtazama. Walimpita wakisema shikamoo fundi, mmoja akalichukua sanduku bila kuambiwa, na ilionekana kwamba hufanya hivyo kila siku.

"Fundi, leo umetuletea mkaguzi?" aliuliza, akiliangalia daftari langu.

"Wifi yangu huyo," alijibu wifi kutoka kipandio cha tisa. "Yuko kwenye mafunzo. Msimsumbue."

Juu, vyerehani vinne vilikuwa vimesimama tangu jana, na washonaji wanne walikuwa wamekaa wamekunja mikono wakimngoja. Aliketi kwenye cha kwanza, akainamisha sikio, na chumba chote kikapunguza sauti bila mtu kuagiza. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kupata ukimya wa namna ile bila kugonga meza. Lakini ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Msimamizi alipita, akaitazama saa ya ukutani, akamsalimu kwa heshima, akaendelea na njia yake. Salamu ile ilinitisha kuliko kama angemgombeza.

Niliandika siku mbili. Nilijaza kurasa tisa. Wifi alizisoma zote safari hii, kalamu nyekundu mkononi, na akanirudishia ukurasa wa sita. Nilikuwa nimeandika kwamba mwombaji hupanda ngazi akiwa katika hali ya kuketi.

"Nini hiki?" aliuliza. "Utafikiri nimebebwa kwenye kiti cha enzi. Andika makalio."

Nilimwambia neno hilo halifai katika barua rasmi.

"Ndiyo ninayopandia, wifi. Kama ningekuwa na mengine rasmi ningeyatumia."

Nikaandika makalio.

Kamati ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa mama wa rika langu, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Yule afisa kijana alikaa pembeni na faili lake. Nilisoma kurasa zangu tisa kwa sauti ya darasani, bila kuruka neno. Nilipomaliza, mwenyekiti aliweka fomu ya kwanza kando ya maelezo mapya, akayalinganisha.

"Hapa panasemwa hakuna jambo asiloliweza," alisema. "Hapa yamejaa mengi. Na mwandiko ni mmoja. Tuamini lipi, mama?"

Njiani nilikuwa nimeandaa jibu zuri, la kwamba kulitokea dosari wakati wa kunakili. Lilikuwa jibu lenye heshima, na lingemwacha kila mtu na nguo zake. Nilimtazama wifi. Alikuwa ameshika magongo kwa mikono miwili na hakuwa anacheka.

"Fomu ya kwanza niliandika mimi, naye hakuisoma," nilisema. "Nilitaka atakayeisoma aiheshimu familia yetu, kwa hiyo niliandika uongo wa heshima. Afisa alipokuja, nilificha kila kitu ambacho kingemwonyesha ukweli. Hata magongo niliyaweka nyuma ya mlango. Kosa si la wifi yangu. Msimwadhibu yeye kwa ajili ya kiburi changu."

Nilikaa. Afisa kijana akainua uso kutoka kwenye faili.

"Yalinigonga nilipokuwa natoka, mama," alisema taratibu. "Nilidhani ni fimbo za pazia."

Mjumbe mmoja alikohoa, mwingine akavua miwani akaifuta kwa bidii. Mwenyekiti alimwuliza wifi kama ana la kuongeza.

"Ninalo moja," wifi alisema. "Ofisi yenu iko juu, na ngazi za hapo nje nimezipanda kwa njia ileile iliyoandikwa ukurasa wa sita. Mlinzi wenu alikuwepo. Nadhani bado hajafunga mdomo."

Mwenyekiti aliinama akaandika kitu kirefu. Alipoinuka alituomba radhi kwa ngazi zile, kisha akaagiza mlinzi na mwenzake wamshushe wifi kwa kiti. Wifi alikataa kiti, akakubali wamchukulie mkoba.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na sita: ombi limekubaliwa. Sitaeleza furaha yetu. Itoshe kusema kwamba majirani walisikia vigelegele kutoka nyumba ambayo haijawahi kuwapigia kelele, na mmoja alikuja kuuliza nani anaolewa.

Leseni wifi alikuwa ameshaipata. Mwalimu wake wa udereva aliniambia hajapata mwanafunzi mjuaji kama huyo, na sikuwa na hakika kama ananisifia ndugu yangu au ananishtakia. Gari alilolichagua ni dogo, limetumika kiasi, la rangi ya maji ya kunde. Muuzaji alipoliwasha, wifi aliinamisha sikio juu ya boneti, akasema mkanda wa injini unalalamika. Muuzaji akaapa kwamba ni mpya. Wifi akamngoja tu, kwa utulivu, mpaka mtu yule akafungua mwenyewe akaona nyufa. Aliubadilisha kwa gharama yake. Mafundi wa mfuko wakafunga mtambo wa mkono, na gari likaingia uani kwetu siku tano kabla ya mkataba mpya kuanza.

Jumatatu ya kwanza nilivaa gauni langu la mikutano na nikabeba pochi nyeusi, kwa kuwa nilitaka kumsindikiza inavyostahili. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaketi, nikanyoosha gauni. Gari halikuwaka.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapo anakaa waziri. Njoo mbele, watu wasidhani umeniajiri."

Nikahamia mbele. Aliendesha kama anavyotengeneza mashine, bila haraka na bila kunyamaza, akinitajia kila gari lililotupita na maradhi yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kishikio cha breki, mabega yamelala, na uso wake ulikuwa umepungua miaka kama kumi. Mimi nilikuwa naangalia saa. Tulifika kwenye geti la kiwanda saa moja na dakika tano, na geti lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli.

Nilitaka kushuka nikamtafute mlinzi. Wifi alinishika mkono.

"Kaa. Miaka yote mimi ndiye ninayengojewa. Leo nataka kuwangoja."

Tukakaa. Alizima gari, akarudisha kiti nyuma kidogo, akakunja mikono. Washonaji walianza kufika mmoja mmoja, wakilizunguka gari na kuchungulia, na yeye akawa anawapungia mkono kama bibi harusi. Saa moja na dakika thelathini na mbili msimamizi alitokea kwenye kona, anatembea kwa haraka, funguo za geti mkononi. Aliliona gari, kisha akamwona aliyeshika usukani, akasimama.

Wifi aliteremsha kioo taratibu, akaitazama saa yake, na akamwambia kwamba amechelewa.